Bibi Caroline Thackeray na Binti Zake wa Mbweni

Ndugu wapendwa, hapa Singe, kama katika kila usharika, wako wazee waliofundisha watoto miaka mingi, nao sasa wamepumzika. Mara nyingi twawakumbuka siku ya maziko tu. Kwa hiyo nataka kuwasimulia habari za mwalimu mmoja wa Unguja, Mwingereza, aliyefariki zamani. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini jamaa yake ilikuwa kubwa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Lakini biashara ile haikukoma mara moja. Majahazi yaliendelea kuwachukua watu kwa siri. Manowari za Waingereza zikayakamata, na wengine wa wale waliookolewa, wakiwamo watoto, walikabidhiwa misheni. Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Kianglikana, ilikuwa na shamba Mbweni, kusini ya mji wa Unguja. Huko watu waliowekwa huru walipewa makao, na huko palijengwa shule ya wasichana iliyoitwa ya Mtakatifu Maria.

Mwaka 1877 Bibi Thackeray akafika, akawa mkuu wa shule ile. Wasichana wake walitoka makabila mengi ya bara, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yao. Walijifunza kusoma, kuandika, hesabu, kushona na kupika. Waliofaulu katika vitabu walifanywa walimu, na wengine walifundishwa kazi za mikono.

Tusifiche jambo moja. Watoto wale hawakuchagua kuja Mbweni, na maisha yao yalipangwa na misheni. Tena hakuna mlezi awezaye kumrudishia mtoto mama aliyenyang'anywa. Bibi Thackeray hakuweza kuliondoa jeraha hilo. Aliloweza ni kukaa nao, naye akakaa.

Wengi wa binti wale waliolewa na vijana waliosoma Kiungani, wakavuka bahari pamoja na waume zao kwenda Magila, Masasi na Newala. Mmojawapo alikuwa Lucy Magombeani, mke wa Cecil Majaliwa. Majaliwa alikuwa mtumwa utotoni, akapewa ukasisi mwaka 1890. Hivyo waliochukuliwa bara kwa nguvu walirudi bara kwa hiari, nao wakafundisha wengine.

Mwaka 1902, baada ya miaka 25, Bibi Thackeray aliacha kazi ya shule. Angaliweza kurudi Uingereza kwa jamaa zake wa damu. Lakini alibaki Mbweni miaka 24 mingine, kati ya watu aliowalea, hata alipofariki mwaka 1926, naye akazikwa huko huko. Shule ilihamishwa, na majengo yake sasa ni magofu. Bali kanisa la Mtakatifu Yohana lingali limesimama.

Basi, ndugu walimu wa dini na wazee wa kanisa, mwalimu astaafupo haachi kuwa mzazi wa wale aliowafundisha. Kama yuko mtaani mwenu mwalimu mzee, iwe ana watoto wa kuzaa au hana, msingoje siku ya maziko. Nendeni mkamwamkie, mketi naye, mkamwulize habari za watoto wake wa darasani. Maana ninyi nanyi ni jamaa yake.