Mbegha: Kigego aliyenyimwa urithi Unguu, akaja kuwa mfalme Usambara

Kabla hajawa mfalme, Mbegha alikuwa mtu wa kukimbiwa. Alizaliwa Unguu, upande wa Kilindi, eneo lililokuwa ndani ya Wilaya ya Handeni hadi 2002.

Simulizi zinasema aliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa hivyo aliitwa kigego, na watu waliamini ana mkosi. Wazazi wake walipofariki, ndugu wakamnyima urithi.

Basi jamaa akashika mkuki, akachukua mbwa wake na kwenda kuwinda nguruwe pori. Huko Kilindi akafanya undugu wa damu na mtoto wa mkubwa wa mji. Kijana huyo akauawa na nguruwe mawindoni, na Mbegha akalazimika kutoroka.

Alivuka bonde la Mto Pangani, lile linalopita Korogwe, akapanda milima ya Usambara. Wasambaa walikuwa na mazao tele, lakini nguruwe waliwamalizia mashamba. Mbegha akawaua nguruwe na kugawa nyama. Wenyeji nao wakampa chakula cha shamba. Aliamua pia kesi zao bila upendeleo. Usiku mmoja aliua simba, na tangu hapo wafalme wa Vugha wakaitwa Simba Mwene.

Hapo ndipo penye fikra kubwa ya utawala wa Wakilindi, ukoo alioanzisha karne ya 18. Kwa Wasambaa, kazi ya mfalme ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi: mvua inyeshe, watu washibe. Akishindwa, anakuwa amebana shi, ameiharibu nchi. Kodi ilikuwa halali pale tu wananchi walipoona faida yake.

Fikra hiyo ilipata mtihani mzito baada ya mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, kufariki 1862. Semboja, mwanawe aliyekaa Mazinde, sasa Wilaya ya Korogwe, alitajirika kwa biashara ya misafara, akanunua bunduki na kuichoma Vugha. Watu wakauzwa utumwani. Wabondei nao wakaasi, wakawafukuza Wakilindi.

Kisa cha Mbegha kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Mgeni asiye na urithi alipewa nchi kwa sababu alilisha watu. Warithi wake wakaipoteza walipoanza kuwala.