Kazimierz Nowak, Mpanda Baiskeli wa Afrika

Mwezi wa Novemba 1931 Mzungu mmoja alianza kukanyaga baiskeli kutoka Tripoli, nchi ya Libya, akielekea kusini. Hakuwa na mwenzi, wala tajiri wa kumgharimia. Jina lake Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyezaliwa 1897 katika mji wa Stryj, ambao leo umo nchini Ukraine.

Kwao Poznań aliwahi kufanya kazi ya bima. Kazi ilipokosekana, akatwaa kamera akaenda kutafuta riziki njiani: kuandika makala na kupiga picha ziuzwe magazetini, mkewe Maria na watoto wao wawili wapate kula. Wako wenzangu washikao kwamba mume hawezi kuwaacha watu wake miaka mitano. Mimi nasema hakuwatoroka, ila naona mzigo mzito zaidi aliubeba Maria, naye hatajwi sana.

Basi akapita Misri, Sudani, Uganda, Ruanda na Kongo ya Wabelgiji, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu 1964 ni Zambia yetu. Mwaka 1934 akafika Rasi Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Njiani aliwaona wenyeji wanavyoonewa na wakoloni, akayaandika bila kuficha.

Kwa msafiri wa namna ile, mji si mahali pa kupumzisha miguu tu. Mjini ndipo penye posta ya kupeleka picha na kupokea barua. Mjini ndipo penye fundi. Sisi wa Nchelenge twalifahamu hili upesi. Huku ufukoni mwa Ziwa Mweru baiskeli ndiyo punda wetu: hubeba mihogo, abiria, hata mgonjwa aendaye hospitali. Mpanda baiskeli akija leo peke yake na kupata pancha, hatakwenda mbali kabla ya kumwona fundi kivulini na beseni lake la maji, na watoto watamwonyesha njia kabla hajauliza. Likizoni nimewahi kukanyaga kutoka Kashikishi mpaka Mwansabombwe na gunia la chisense, dagaa wetu, nyuma yangu. Gurudumu la nyuma lililia njia nzima, nami nilikuwa na mafundi kila kijiji! Nowak alipita nyika na mchanga ambako siku nyingi fundi alikuwa ni yeye mwenyewe.

Mwishowe baiskeli ilimshinda huko Afrika ya Kusini Magharibi, ndiyo Namibia ya leo. Hakurudi kwa meli. Akapanda farasi, Angola akashika mtumbwi mtoni, Sahara akapanda ngamia. Novemba 1936 akafika Algiers, baada ya yapata kilomita 40,000.

Nyumbani alihutubia watu na kuwaonyesha picha zake, lakini malaria ilikuwa imekwisha kumdhoofisha. Alifariki Poznań tarehe 13 Oktoba 1937, mwenye umri wa miaka 40, hata mwaka haujatimia tangu arudi. Jina lake likasahauliwa miaka mingi, hata mwaka 2000 makala zake zilipokusanywa kuwa kitabu. Mwaka 2006 bamba la ukumbusho likawekwa katika stesheni ya reli ya Poznań, mahali alipomwaga Maria.