Binti Aliyeitwa Mtumwa

Jumapili iliyopita mchungaji wetu alihubiri juu ya Hana, yule mama aliyelia kule Shilo, midomo ikicheza bila sauti, naye kuhani Eli akadhani amelewa. Nilikuwa nimekaa pale mbele na wazee, nikaishia kuangalia viatu vyangu. Neno lilinishika. Nitawaambia kwa nini, lakini kwanza acheni niwape habari za mwanamke mmoja wa Unguja.

Anajulikana kama Siti binti Saad. Wale wazee wetu ambao nyumbani kwao kulikuwa na santuri huenda wanalijua jina. Alikuwa Mwislamu na mwimbaji wa taarabu, na sitajaribu kumgeuza kuwa kitu kingine ili apate kufaa kwa karatasi hii. Namleta kwa sababu ya jinsi alivyoyashughulikia machungu yake. Hapo, nadhani, ametupita wengi wetu tuliookoka.

Alizaliwa mwaka wa 1880 huko Fumba, kijiji cha pwani katika kisiwa cha Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, yaani watu wa bara, wa tabaka la watumwa. Utumwa ulikuwa bado halali pale. Sheria ya kuuondoa ilikuja mwaka wa 1897, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Na jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Hebu fikiria tu: mama anasimama mlangoni jioni kumwita mtoto aje kula, na hilo ndilo jina analoita. Wenzake wakicheza naye wanaita hilo hilo.

Shule hakwenda. Mama yake alimfundisha kufinyanga vyungu, na kazi yake ikawa kuvibeba kichwani kijiji hadi kijiji akiviuza, huku akiimba ili watu wajue amefika. Mimi nilisomea biashara chuoni, tukafundishwa habari nyingi za matangazo, lakini huyu dada hakuhitaji bango. Sauti ilimtangulia, watu wakatoka nje kabla hawajamwona. Akina mama wetu wanaopita hapa Obunga asubuhi na beseni la omena wanaijua hiyo kazi vizuri kuliko mwalimu wangu yeyote.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, naye akamfundisha kuimba kwa utaratibu pamoja na matamshi ya Kiarabu. Enzi hizo taarabu ilikuwa mambo ya wanaume, tena kwa Kiarabu, kwenye majumba ya wakubwa. Sasa anatokea mwanamke wa shamba, mweusi, mtoto wa watumwa, anaimba, tena anaimba Kiswahili ambacho mpishi na mchukuzi wanakielewa. Walikuwako waliofurahi. Wengine walichukia.

Waliochukia walimtungia wimbo. Walimcheka kwamba juzi tu alikuwa ametoka shamba, amevaa kaniki, na vyungu vyake kichwani. Walicheka sura yake pia, maana hakuwa mtu wa kusifiwa uzuri. Unajua mtu akikutukana kwa maneno makavu, kesho yanaweza kusahaulika. Akikutukana kwa wimbo mtamu, hata watoto wanaubeba, unausikia ukienda kisimani na ukirudi.

Angefanya nini? Angeweza kunyamaza akaumia kimoyomoyo. Angeweza kurudi Fumba. Alichofanya ni kuketi na wenzake wakatunga jibu, naye akaliimba mbele ya watu wale wale. Hakukana kwamba alitoka shamba wala hakudai kuwa ni mzuri wa sura. Alisema tu kwamba sura na ukoo si kitu mbele ya akili. Yaani lile jeraha alilitoa nje lilivyo, akalitia muziki, na tangu siku hiyo likawa ni lake yeye, si la wale waliomcheka tena.

Nakaa sana kwenye hiyo habari kwa sababu ya mtaa wetu. Nawajua vijana wa kanisa hili ambao wakijaza fomu ya kazi wanaandika Kondele mahali pa makao. Obunga hawaandiki. Wamechoka kusikia changaa na mgongo wazi kila wakitaja nyumbani kwao, kana kwamba kukaanga mifupa ya mbuta ili watoto waende shule ni aibu. Siwalaumu. Ila najiuliza ni wangapi kati yetu wamewahi kuweka hilo jambo kwenye wimbo, hata chumbani peke yao.

Siti hakuimba machungu yake peke yake. Kuna wimbo wake unaitwa Kijiti, na ulitokana na kisa cha kweli. Mwanamke mjamzito, mgeni kutoka bara, aliuawa Unguja na mtu wa jina hilo. Muuaji akatorokea bara. Walioishia kuadhibiwa ni wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Mji mzima uliona, lakini ni nani angemwambia hakimu? Siti na wenzake wakautunga, na kisa kikabaki midomoni mwa watu miaka mingi baada ya faili kufungwa. Marehemu hakufufuka, na sidhani Kijiti alipata adhabu yake kwa sababu ya wimbo. Lakini wale waliokuwa na uchungu walipata mahali pa kuuweka, wakiwa wengi pamoja.

Mwaka wa 1928 alivuka bahari kwenda Bombay na wapigaji wake kurekodi santuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri zile zilinunuliwa kwa wingi pwani nzima na bara. Nasikia wapo waliosafiri hadi Unguja ili tu kumwona mwenye sauti. Na jina Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alipewa ukubwani, kwa sababu ya uimbaji wake. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alikutana naye, ndiyo maana tuna kitabu cha wasifu wake. Wale mliosoma fasihi mnakifahamu.

Sasa nirudi kwa Eli.

Miezi kadhaa iliyopita binti mmoja wa kwaya yetu alifiwa na mamake. Sitamtaja, wengi mnamjua. Wiki tatu baada ya mazishi alikuja ofisini na daftari la shule, akaniambia, Pasta, nimeandika wimbo. Akaniimbia akiwa amesimama, bila kinanda. Ulikuwa juu ya jiko la mama asubuhi, harufu ya mafuta ya samaki kwenye leso yake, na jinsi Mungu alivyoombwa usiku wote kule wodini na asubuhi ikaja vile ilivyokuja. Wimbo uliishia hapo. Hakuna ubeti wa ushindi.

Mimi, na digrii yangu, nikafikiria Jumapili. Nikafikiria wageni, na ibada inayorushwa simuni. Nikamwambia ni wimbo mzuri lakini una huzuni sana, watu wanakuja kanisani kuinuliwa, kwa hivyo aongeze ubeti wa mwisho wenye furaha kisha tuuone tena. Alisema sawa. Akafunga daftari. Hakurudi mazoezini.

Kumbe mimi huyo huyo nilifundisha Zaburi katika darasa la wanafunzi wapya mwaka jana. Nafahamu kabisa kwamba zaburi nyingi ni kilio. Naijua Zaburi ya 88, ile ya wana wa Kora, ambayo inaanza kwa kulia usiku na mchana na kuishia gizani, bila ubeti wa furaha hata mmoja. Waliokusanya kitabu kile hawakumrudishia Hemani daftari wakamwambia aongeze. Waliiweka ilivyo, na watu wakaiimba hekaluni. Nyanya zetu nao walilijua hili. Mtu akifa, dala nzima ilikuwa ikilia kwa nyimbo, mpiga nyatiti akikaa pale akimtaja marehemu kwa sifa zake mpaka kuche. Yako mambo ya matanga ya zamani ambayo tumeyaacha kwa sababu ya imani, na mimi niko kati ya walioyaacha. Lakini nahofia kwamba tulipokuwa tukiyatupa, tulitupa na ruhusa ya kulia kwa sauti. Siku hizi mtu wetu analia dakika mbili, kisha mwendesha ibada anamwomba apige makofi.

Alhamisi nilienda kwao. Nilimkuta anakaanga kwenye jiko lile la mamake, maana wadogo zake wanne wanamtegemea. Nilimwambia nilikosea. Nilimwambia wimbo haukuwa na shida yoyote, ubeti ule niliokuwa nikiutaka ulikuwa wa kunifariji mimi. Aligeuza samaki kwanza. Halafu akauliza, Pasta, na watu wakilia kanisani? Nikamjibu kwamba wakilia, mimi nitakuwa nimekaa pale mbele nikilia nao, wala hakuna atakayewaambia wapige makofi.

Hakuniambia ndiyo. Alisema daftari liko kwa shangazi yake huko Nyalenda, atalifuata akipata nafasi. Mazoezi ni Jumamosi saa nane. Nimemwomba mwalimu wa kwaya asimpe mtu mwingine nafasi yake katika safu ya sauti ya kwanza.