Dowding, aliyezikatalia ndege kwenda Ufaransa

Hugh Dowding, mzaliwa wa Moffat, Scotland, mwaka 1882, hakuwa msemaji wala kipenzi cha wakubwa. Mei 1940, Ufaransa ikiwa imeelemewa na Wajerumani, aliiandikia Wizara ya Anga kupinga kupelekwa huko ndege zaidi za kivita, akionya kuwa Uingereza ingebaki bila kinga. Kuanzia Julai hadi Oktoba, ndege zilizobaki, zikiongozwa kwa rada na mtandao wa vyumba vya amri alioujenga tangu 1936, ziliwanyima Wajerumani utawala wa anga. Septemba, Hitler aliahirisha uvamizi. Shukrani ya punda ikawa mateke: Novemba, Dowding aliondolewa madarakani kufuatia mabishano kuhusu mbinu. Alifariki dunia mwaka 1970. Sanamu yake ilisimamishwa London mwaka 1988.