Bruce Lee: mwili ulisema, kazi haikusimama

Mu kambi na mu site zetu, hata mtoto asiyejua kusoma anajua jina la Bruce Lee. Lakini wengi wetu tunajua tu mateke yake. Leo tuelezane maisha yake, juu ndani yake kuko somo kwa sisi watu wa mugodi.

Alizaliwa tarehe 27 novemba 1940 mu San Francisco, Marekani. Baba yake alikuwa mwimbaji wa opera ya Kichina, na alifika kule kwa safari ya kazi. Mtoto alikomalia Hong Kong, wakati Waingereza walikuwa wanatawala. Mbele ya kufikisha miaka 18 alikuwa amekwisha kucheza mu filme karibu 20. Mu barabara alikuwa mtoto wa kupigana-pigana, njo akaenda kujifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Kudansa pia alijua: mwaka 1958 alishinda mashindano ya cha-cha ya Hong Kong, ile ile cha-cha wazee wetu walidansa.

Mwaka 1959 wazazi walimtuma Marekani na dola 100 mu mfuko. Mu Seattle alitumika mu restora, akasoma univerisite, akaanza kufundisha kupigana. Mwanafunzi wake wa kwanza, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi. Mwaka 1964 alioa Linda, na wakazaa watoto wawili, Brandon na Shannon.

Mwaka 1966 alipata kazi ku televizyo, kucheza Kato, dereva wa bosi mzungu. Kazi ile haikupita musimu moja. Kisha hapo Hollywood ilimupa vipande vidogo-vidogo tu. Mwaka 1970 aliinua chuma kizito bila kupasha mwili moto kwanza, akaumia mugongo. Wanganga walimwambia hatapiga teke tena. Alilala miezi, akiandika mafikiri yake juu ya kupigana. Akasimama, lakini maumivu ya mugongo hayakumwacha mpaka mwisho.

Hapo njo alirudi Hong Kong. Filme ya 1971, The Big Boss, inatuhusu sisi kabisa. Ni habari ya kijana anayetafuta kazi mu kiwanda cha barafu kule Thailand. Wafanyakazi wawili wanaona dawa za kulevya zimefichwa ndani ya barafu, na wanapotea. Wenzao wanaenda kuuliza, nao wanapotea. Wafanyakazi wanagoma. Patron anafanya nini? Anamuchukua yule kijana mwenye nguvu, anamufanya kapita, anamupa pombe na wanawake. Wenzake wanamugeuzia mugongo. Anapofungua macho, ndugu zake wamekwisha kuuawa. Anamulipiza patron, lakini polisi inamufunga. Ndugu wafanyakazi, sisi wote tumeona mtu aliyepewa cheo ili anyamaze.

Filme ile ilivunja rekodi ya feza mu Hong Kong. Mwaka 1972 ikatoka Fist of Fury, ambamo anavunja kwa teke kibao kinachokataza mbwa na Wachina kuingia mu bustani. Wazee walioishi wakati wa Wabelge hawahitaji kuelezwa ile. Mwaka huo huo aliandika na kuongoza mwenyewe The Way of the Dragon, na kupigana na Chuck Norris mule Roma. Sasa Hollywood yenyewe ikamufuata, wakatengeneza Enter the Dragon.

Lakini mwili ulikuwa umechoka. Tarehe 10 mei 1973 alikuwa anaweka sauti ku ile filme, mu chumba cha joto kali, juu mashine ya kuleta baridi ilizimwa ili isipige makelele. Akaanguka. Wanganga walikuta ubongo wake umevimba. Kisha alipimwa Marekani, akaambiwa ni muzima, akarudi ku kazi. Tarehe 20 julai 1973 kichwa kilimuuma, akameza dawa, akalala, hakuamka. Alikuwa na miaka 32. Filme yake ilitoka mwezi uliofuata, na dunia nzima ikaiona isipokuwa yeye. Alizikwa Seattle.

Kwa nini ubongo ulivimba, mpaka leo watu wanabishana. Sisi hatusemi kazi njo ilimuua. Tunasema mwili ulitoa habari mara mbili, mugongo kwanza, kisha kichwa, na kila mara kazi iliendelea. Mu mugodi kuko joto kama lile, kuko vumbi zaidi, na karatasi ya munganga inayosema uko muzima haikatazi mtu kuanguka kesho. Ukisikia kizunguzungu, toka inje, ambia mwenzako, ita delege. Kuomba kupumzika si uoga.

Wazazi, siku mutaonyesha watoto ile filme ya barafu, muwaeleze yote mawili: cheo cha kununua mtu, na mwili usiosikilizwa.