Adolf Tolkachev

Adolf Georgievich Tolkachev (Aktyubinsk, Kazakhstan, 6 Januari 1927 – 24 Septemba 1986) alikuwa mhandisi wa Umoja wa Kisovyeti. Anajulikana hasa kwa sababu kati ya miaka 1979 na 1985 alilipatia shirika la ujasusi la Marekani (CIA) siri za rada za ndege za kivita za nchi yake.

Maisha
Akiwa mtoto mdogo alihamia Moscow pamoja na wazazi wake. Alisomea uhandisi huko Kharkiv, Ukraine, akahitimu mwaka 1954. Baadaye aliajiriwa katika taasisi ya Phazotron, Moscow, iliyobuni rada za ndege za kijeshi.

Alimwoa Natalia Kuzmina, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mama yake Natalia aliuawa na serikali ya Stalin mwaka 1938, na baba yake alipelekwa kwenye kambi ya kazi ya shuruti. Natalia alilelewa katika kituo cha yatima. Mateso ya familia hiyo yalichangia sana chuki ya Tolkachev dhidi ya utawala wa Kisovyeti.

Ujasusi
Mnamo Januari 1977 alimwendea Mmarekani kwenye kituo cha petroli mjini Moscow akajitolea kusaidia. CIA ilihofia mtego wa KGB ikamkwepa. Alirudia mara kadhaa hadi akakubaliwa mwaka 1978, na tarehe 1 Januari 1979 alikutana ana kwa ana na afisa wa CIA.

Wakati wa mapumziko ya mchana alificha nyaraka ndani ya koti, akazipiga picha nyumbani na kuzirudisha kazini. Utaratibu ulipobadilishwa, na kila aliyeazima nyaraka za siri akatakiwa kuacha kitambulisho chake, alitumia kamera ndogo sana akiwa chooni kazini.

Nyaraka zake zilieleza rada za ndege kama MiG-29, MiG-31 na Su-27. Rada za kizazi hicho ziliweza kutambua ndege inayoruka chini karibu na ardhi, ambako rada za zamani zilichanganywa na mwangwi wa ardhi yenyewe. Jambo hilo lilikuwa muhimu kwa Marekani, iliyotegemea ndege na makombora ya kuruka chini ili kuikwepa ulinzi wa Kisovyeti. Miaka hiyohiyo ilikuwa ikiunda kwa siri F-117, ndege iliyobuniwa isionekane kwa urahisi kwenye rada. Kwa kujua uwezo wa mpinzani, Marekani iliokoa gharama kubwa za utafiti.

Tolkachev alidai malipo makubwa kama ishara kwamba kazi yake inathaminiwa. Aliomba pia dawa, sahani za muziki kwa ajili ya mwanawe, na kidonge cha sumu ili asikamatwe akiwa hai.

Kukamatwa na kifo
Hakuponzwa na kosa lake mwenyewe. Edward Lee Howard, aliyeandaliwa na CIA kwa kazi ya Moscow kisha akafukuzwa mwaka 1983, aliiuzia KGB siri zake. Mwaka 1985 Aldrich Ames, afisa mwingine wa CIA, naye alimtaja.

Tolkachev alikamatwa akiwa hai mnamo Juni 1985. Alihukumiwa kwa uhaini akauawa mwaka uliofuata. Natalia, ambaye serikali hiyohiyo ilikuwa imemnyang'anya wazazi, alifungwa gerezani.