Tujifunze kwa Mechnikov kabla ya kununua dawa za tumbo

Siku hizi hakosekani mtu wa kutuambia kwamba chanzo cha maradhi yote ni tumbo. Mmoja atauza unga wa kusafisha utumbo, mwingine vidonge vya bakteria wema, wa tatu ataomba maelfu ya shilingi ili apime kinyesi na kutaja viini vilivyozidi na vilivyopungua. Mimi si adui wa wazo lenyewe, kwa kuwa lina msingi. Hata hivyo, naona itatufaa sote, hasa walimu na wanafunzi, tumkumbuke mwanasayansi aliyelisimamisha wazo hilo mbele ya ulimwengu zaidi ya karne moja iliyopita. Maisha yake yanaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuuliza swali la haki kabisa, kisha haraka ikamfikisha kwenye jibu ambalo halijakomaa.

Jina lake ni Ilya Mechnikov. Mwalimu wa Biolojia anapoeleza jinsi chembechembe nyeupe za damu zinavyovizingira na kuvimeza viini vya maradhi, huwa anafundisha kazi ya bwana huyu hata asipomtaja.

Mechnikov alizaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkov, katika nchi ambayo leo ni Ukraine lakini wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Alikuwa na akili nyepesi ajabu. Masomo ya chuo kikuu yaliyopangiwa miaka minne aliyamaliza kwa miwili. Lakini maisha hayakumwonea huruma. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, binti aliyekuwa tayari anaugua kifua kikuu, na siku ya harusi ilibidi bibi arusi abebwe kitini kupelekwa kanisani. Ludmila alifariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira, na mumewe akajaribu kujitoa uhai, akanusurika. Mwaka 1875 alimwoa Olga, ambaye naye baada ya miaka michache alishikwa na homa kali ya matumbo. Olga alipona, lakini Mechnikov alikuwa amevunjika moyo kiasi cha kujidunga damu ya mgonjwa wa homa yenye kurudiarudia, ili ajue kama ugonjwa huo huambukizwa kwa damu. Aliugua vibaya, akapona tena.

Nayataja haya kwa sababu yanatueleza tabia ya mtu. Huyu hakuwa msomi wa kukaa pembeni na kunena. Alipokuwa na swali, alikuwa tayari mwili wake uwe mizani ya kulipimia.

Ugunduzi uliomjengea jina ulitokea Messina, katika kisiwa cha Sicily, mwishoni mwa mwaka 1882. Familia ilikuwa imekwenda kutazama nyani wakicheza sarakasi, naye akabaki peke yake na hadubini. Alikuwa akichunguza mabuu ya kiti cha pweza, ambayo mwili wake huona ndani kama maji. Wazo likamjia: ikiwa zile chembe zinazotembeatembea ndani ya mabuu ni walinzi wa mwili, basi zitakusanyika mahali popote penye adui. Akatoka bustanini, akachuma miba ya mawaridi, akaichoma ndani ya mabuu. Asubuhi alikuta chembe zimeuzunguka mwiba pande zote, kama nyuki waliochokozwa. Hapo ndipo ilipoanzia elimu ya fagosaiti, yaani seli zimezazo viini. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akigawana na Mjerumani Paul Ehrlich.

Tangu mwaka 1888 Mechnikov alikuwa Paris, katika Taasisi ya Pasteur, na huko ndiko macho yake yalikogeukia tumbo. Mwaka 1892 kipindupindu kilizuka Ufaransa. Wako watu walioambukizwa wakaugua, na wako walioambukizwa wasihisi lolote. Kwa nini? Mechnikov alikunywa viini vya kipindupindu yeye mwenyewe, asiugue. Mtu wa pili aliyejitolea hakuugua pia. Wa tatu nusura afe. Basi akavichukua viini vile na kuviotesha kwenye vyombo vya maabara pamoja na bakteria wengine, akagundua kwamba bakteria wengine huvisaidia kustawi na wengine huvizuia. Akahitimisha kwamba huenda bakteria wanaoishi katika utumbo wa mtu ndio wanaoamua kama ataugua au hataugua.

Msomaji, lisimame hapo wazo hilo ulitazame vizuri. Katika zama ambazo wanasayansi wengi walimwona kila bakteria kuwa ni adui wa kuuawa, mtu mmoja alitambua kwamba ndani yetu mna jamii nzima ya viumbe, na kwamba afya yetu hutegemea nani miongoni mwao ana nguvu. Hilo ndilo swali la haki nililolitaja.

Jibu je? Mechnikov aliamini kwamba uzee ni aina ya ugonjwa, na kwamba sumu zitolewazo na bakteria wa kuozesha katika utumbo mpana ndizo zinazotuchakaza kabla ya wakati. Alikuwa amesikia habari za wakulima wa Bulgaria waliosifiwa kwa umri mrefu na kwa kupenda maziwa yaliyoganda. Mwaka 1905 Mbulgaria kijana, Stamen Grigorov, aliyekuwa akisoma Geneva, alimtambua bakteria anayeyagandisha maziwa hayo. Mechnikov akaiunga kamba: asidi ya maziwa huzuia kuoza, basi maziwa ya jinsi hiyo yatawazuia bakteria waovu tumboni, na huenda uzee ukacheleweshwa. Alikuwa ametoa mhadhara juu ya uzee mjini Paris mwaka 1904, na mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu kurefusha maisha. Yeye mwenyewe alikunywa maziwa hayo kwa miaka mingi.

Kwa haki yake niseme kwamba hakuahidi miujiza. Aliona maziwa hayo kama jambo la kujaribiwa. Lakini wazo likishatoka kinywani halirudi. Magazeti yaliliongeza chumvi, maduka ya dawa yakauza vidonge na chupa za bakteria, na matajiri wa Ulaya na Marekani wakakimbilia maziwa kana kwamba wameyagundua wao. Baya zaidi, huko London daktari mpasuaji mashuhuri, Arbuthnot Lane, alishikilia nadharia ya sumu za tumbo hata akawa anawakata wagonjwa utumbo mpana na kuuondoa. Wako waliokufa kwa upasuaji huo, wakitibiwa ugonjwa ambao haukuwa umethibitishwa kuwako.

Mwaka 1919 daktari Mmarekani, Walter Alvarez, alionyesha kwamba maumivu ya kichwa na uchovu wa mtu aliyefunga choo hupotea mara tu anapokwenda haja, upesi mno kuliko ambavyo sumu ingeweza kutoka katika damu. Kwa hiyo kosa lilikuwa ni mgandamizo wa utumbo, wala si sumu. Kisha uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale ulionyesha kwamba yule bakteria wa Bulgaria hafanyi makao katika utumbo wa binadamu. Hupita tu kama msafiri. Nadharia ikaporomoka, na kwa miaka mingi daktari aliyezungumza habari za bakteria wema alichekwa.

Mechnikov hakuyaona hayo. Alifariki Paris mwezi Julai mwaka 1916 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 71. Kabla ya kukata roho alimwomba rafiki yake daktari auchunguze utumbo wake baada ya kifo. Mwanasayansi aliye kitandani pa mauti, na bado ataka kujua kama alikuwa sahihi! Kwangu mimi, ombi hilo lina thamani kuliko chupa zote za maziwa zilizouzwa kwa jina lake.

Je, alipotea kabisa? La hasha. Leo wanasayansi wanakadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, wengi wao wakiwa katika utumbo mpana. Huvunjavunja nyuzinyuzi za vyakula ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo, hutupatia vitamini K, na hujaza nafasi ambayo vinginevyo ingenyakuliwa na viini vya maradhi. Tukimeza dawa za kuua bakteria ovyo, twawaua rafiki pamoja na adui. Hapo ndipo bakteria aitwaye Clostridium difficile hupata mwanya wa kusababisha kuhara kunakoweza kuua. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo kwa kuwapa kinyesi cha mtu mwenye afya kupitia mrija. Kati ya wagonjwa 16, 13 walipona baada ya mara moja tu, ilhali kati ya 13 waliopewa dawa ya kawaida peke yake walipona 4. Mwaka 2017 utafiti uliofanywa India kwa watoto wachanga zaidi ya 4,500 ulionyesha kwamba bakteria mmoja mteule, akipewa pamoja na chakula chake, alipunguza maambukizi ya damu na vifo kutoka asilimia 9 hadi asilimia 5.4.

Tazama tofauti. Hapa ugonjwa unatajwa, bakteria anatajwa, wagonjwa wanahesabiwa, na wapo waliopewa tiba nyingine ili pawe na ulinganisho. Huko ndiko kumheshimu Mechnikov.

Sasa nirejee kwetu. Kuna mkondo wa tiba uliopata chama chake Marekani mwaka 1991, ambao hujishughulisha na utendakazi wa mwili mzima na kutafuta kiini cha ugonjwa badala ya kutuliza dalili tu. Kuhusu tumbo, wafuasi wake hushauri kuondoa vinavyodhuru, kurudisha vilivyopungua kama vimeng'enya, kupanda upya bakteria wema, kisha kukarabati ukuta wa utumbo. Katika hayo yamo mema. Daktari anayemuuliza mgonjwa anakula nini, analala saa ngapi na amekunywa dawa gani, huyo namsifu. Lakini sayansi haijaafikiana ni mchanganyiko upi wa bakteria ulio sawa kwa kila mtu, maana watu wazima wenye afya hutofautiana sana. Basi kipimo cha kinyesi kinachodai kukuonyesha upungufu wako kinasoma ramani ambayo haijamalizika kuchorwa. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipima ushahidi uliokuwapo, na kwa maradhi mengi ya tumbo hakikuona sababu ya kuwapa wagonjwa vidonge vya bakteria.

Nasema haya kwa kuwa nawaona wazazi wakiuza mbuzi ili wanunue unga wa kusafisha tumbo, na wanafunzi wa bweni wakimeza vidonge vya kuua bakteria kila tumbo likiunguruma, wakivinunua dukani kama peremende. La kwanza ni hasara ya fedha. La pili ni hatari kwetu sote, kwani bakteria waliozoea dawa hawatambui mipaka ya bweni wala ya wilaya.

Hatuna haja ya kwenda Bulgaria. Wakalenjin wana mursik yao ya kibuyu, Wamaasai wana maziwa yao yaliyolala, na nyumba nyingi humu nchini hazikosi maziwa lala, maharagwe, sukuma wiki na uji wa wimbi uliochachushwa. Hivi ni vyakula vizuri, na nyuzinyuzi zilizomo ndizo riziki ya bakteria wetu. Tuvile kama vyakula, tusivifanye hirizi. Na mtu anayehara damu, anayepungua uzito bila sababu, au ambaye maumivu hayampi nafuu, asipoteze wakati kwa unga wala kwa maziwa. Aende hospitali.

Ombi langu kwa walimu ni hili. Mnapomfundisha mwanafunzi habari za Mechnikov, msimwonyeshe mshindi wa Nobel peke yake. Mwonyesheni pia mzee aliyeamini jambo kabla halijathibitishwa, na wafanyabiashara waliolitajirikia, na wagonjwa waliokatwa utumbo bure. Kisha mwambieni habari za lile ombi la mwisho. Mwanafunzi atakayejua kwa nini mtu anayekufa alitaka utumbo wake uchunguzwe, huyo atakapouziwa chupa ya dawa atauliza kwanza imejaribiwa kwa nani, wangapi walipona, na wangapi hawakupona.